Dawa na Kipimo Chake na Wakati Wake

Imepokewa katika hadithi sahihi, kwa njia ya Abu Said al-Khudri (r.a.), nao Bukhari na Muslim wameitoa, ya kuwa mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza ya kuwa nduguye anaumwa na tumbo, anaharisha. Mtume akamwamrisha ampe asali. Yule mtu akaenda akampa, kisha akarudi akasema ya kuwa amempa na tumbo halikuzidi ila kuharisha. Akaamrishwa ampe tena. Akarudi na maneno yale yale, na jawabu likawa ni lile lile: ampe asali. Mara baada ya mara hali ikawa hiyo, hata mwisho akampa na mgonjwa akapoa.

Hadithi hii husomwa sana pwani, na watu wengi hukomea kwenye asali. Hutoka msikitini wakaenda kununua chupa. Lakini maulamaa walioisherehesha waliliona ndani yake jambo jingine lililo kubwa zaidi. Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 751 wa Hijra (nao ni mwaka 1350), ameeleza ya kuwa katika kule kurudiarudia mna siri ya elimu ya utabibu. Dawa hapana budi iwe na kadiri yake, kwa mujibu wa ugonjwa ulivyo: ikipungua haiuondoi ugonjwa kwa ukamilifu, na ikizidi huvunja nguvu za mwili na kuleta madhara mapya. Yule mgonjwa alipopewa asali mara ya kwanza kipimo kilikuwa hakijaufikia ugonjwa, iliporudiwa ikafika. Basi upungufu haukuwa katika dawa. Ilikuwa ni kuiharakishia hukumu kabla haijatimia.

Na hali hiyo ndiyo iliyomo leo katika nyumba nyingi. Mgonjwa huenda hospitali, akangoja tangu asubuhi, akapimwa damu, akaandikiwa dawa, akatoa fedha zake dukani. Kisha akifika nyumbani dawa ile huiwekea sheria yake mwenyewe. Siku anayokumbuka hunywa, siku anayosikia uzito huiacha, na siku anayojiona mzima humpa jirani zilizobaki. Baadaye akizidiwa husema ya kuwa dawa za hospitali hazina faida. Wala si watu wa pwani peke yao. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa ripoti mwaka 2003 ikasema ya kuwa hata katika nchi tajiri, wenye maradhi ya kudumu wanaozifuata dawa zao sawasawa ni kadiri ya nusu tu, na katika nchi maskini ni wachache zaidi kuliko hao. Kwa hiyo ujinga wa kusoma sio sababu peke yake, kwani katika hao wamo wasomi na matajiri.

Wapo pia wanaosema ya kuwa kuacha dawa ndiko kumtegemea Mungu. Neno hili lataka kutazamwa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alijitibu, na alipoulizwa na Mabedui juu ya kujitibu aliwaamrisha wajitibu. Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika pwani hii, wameweka ya kuwa kujitibu ni sunna. Na baadhi yao wamesema ya kuwa ikiyakinika kuwa dawa italeta uzima, basi kujitibu huwa ni wajibu. Kisha yako maradhi ambayo hayamdhuru mwenyewe peke yake, bali humwambukiza mke na watoto na wanaosali safu moja naye. Katika hayo mtu hawezi kusema kuwa afya ni yake na khiari ni yake. Na mwenye kunywa kombe kwa kutaraji baraka ya Kurani, kombe halimkatazi kidonge; mtu anayeviweka vitu hivi viwili kama maadui, amezua ugomvi usiokuwako.

KUTWA MARA TATU

Katika bahasha ya dawa huandikwa 1 x 3, na anayeitoa husema: kimoja, kutwa mara tatu. Maneno haya yamezoeleka hata hapana anayeyafikiri, na ndani yake mna mtego. Kutwa kwa Kiswahili ni mchana, tangu kupambazuka hata jua kutua. Usiku una neno lake, nalo ni kucha. Mgonjwa aijuaye lugha yake barabara hunywa kimoja asubuhi na chai, kimoja adhuhuri, na cha tatu jioni kabla ya Magharibi. Kisha hukaa saa 12 na zaidi pasina kitu. Naye aliyeandika dawa alikusudia siku nzima yenye saa 24, igawanywe mafungu matatu, kila fungu saa 8. Lau wenye kutoa dawa wangalisema kutwa kucha mara tatu, wangaliondoa shaka kwa neno moja tu.

Sababu ya kugawanya ni hii. Dawa ikimezwa huingia katika damu, ikapanda hata ikafika kiasi chake cha kufanya kazi, kisha ini na figo huanza kuitoa kidogo kidogo. Kila dawa ina umri wake mwilini. Nyingine hukaa saa chache, na hiyo ndiyo inayoandikwa mara 3 au mara 4. Nyingine hukaa siku nzima, nayo huandikwa mara moja. Ikishuka chini ya kiasi, ugonjwa hupata nafasi ya kujinyanyua; na vikimezwa vidonge viwili kwa pamoja ili kufidia kilichopita, hupanda juu ya kiasi, na dawa ikawa sumu. Baharia afuaye maji katika jahazi linalovuja hafui yote asubuhi kisha akalala. Hufua kwa zamu, kwani maji huingia usiku kama yaingiavyo mchana.

Ni kweli ya kuwa si dawa zote zinazotaka saa zilizolingana. Ziko zilizofungamanishwa na chakula, kama metifomini ya kisukari, ambayo hunywewa pamoja na chakula ili isiliudhi tumbo. Ziko kinyume chake, kama rifampisini ya kifua kikuu, ambayo huingia mwilini vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Na ziko ambazo maziwa huzizuia, kama doksisaiklini na siprofloksasini. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoa dawa si mara ngapi tu, bali ni mara ngapi, baada ya saa ngapi, na kabla ya chakula au baada yake. Mwanamume wa pwani huona haya kuuliza mara ya pili mbele ya watu dirishani. Lakini dukani akinunua kitambaa huuliza bei mara tano.

Khatari nyingine ni saa yenyewe. Saa 8 ya Kizungu ya asubuhi ni saa 2 ya Kiswahili, na mgonjwa akiandikiwa namba 8 pasina neno jingine atasoma saa nane, yaani baada ya adhuhuri. Yafaa mtoa dawa aandike asubuhi, mchana au usiku kwa maneno, na mgonjwa ayasome kwa sauti mbele yake kabla ya kuondoka.

Na katika jambo hili Muislamu wa pwani ana neema ambayo wengi hawanayo. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta na Unguja iko digrii 6, na kwa ajili hiyo nyakati za sala hazihami sana. Mwaka mzima tofauti yake ni chini ya saa moja. Sala tano ni saa ya ukutani isiyotaka ufunguo. Aliyeandikiwa dawa kila baada ya saa 8 aweza kunywa saa 11 alfajiri anapoamka kwa sala, saa 7 mchana baada ya Adhuhuri, na saa 3 usiku baada ya Isha kabla ya kulala. Na akihesabu ataona ya kuwa baina ya kila moja na nyenziwe ni saa 8 kamili. Aliyeandikiwa mara mbili hunywa baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi. Mswahili aliyehamia London asitumie kipimo hiki, kwani huko katika mwezi wa Juni Isha na Alfajiri hukaribiana sana, na katika Desemba Adhuhuri na Magharibi hukaribiana vile vile.

Ila kuna mahali ambapo dawa na sala hutengana. Aliyepitwa na Adhuhuri huilipa. Lakini aliyepitwa na kidonge cha adhuhuri hakilipi kwa kumeza viwili usiku. Kanuni ya dawa nyingi ni ya kuwa akikumbuka mapema hukinywa hapo hapo. Na ikiwa wakati wa cha pili umekwisha karibia, hukiacha kilichopita na kuendelea na mwendo wake. Dawa nyingine zina hukumu zake, kwa hiyo hili nalo ni la kuulizwa siku ile ile ya kupewa.

WANAOACHA WAKIPATA NAFUU

Malaria ni mfano mwepesi. Dawa mseto itumikayo sasa katika Kenya na Tanzania, kwa mtu mzima wa kilo 35 na zaidi, ni vidonge 4 kwa mara moja, mara 6 katika siku 3, jumla vidonge 24. Mara ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza, si kesho yake. Kisha huwa asubuhi na jioni. Hunywewa na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, kwani bila ya mafuta sehemu kubwa yake haiingii mwilini. Homa mara nyingi huondoka siku ya pili, na hapo ndipo mtu huweka vidonge 8 au 10 katika mtoto wa meza, akiba ya homa ijayo. Vile alivyoviweka si akiba. Ni deni, kwa kuwa vijidudu vilivyobakia katika damu ndivyo vilivyovumilia dawa. Klorokwini iliwatibu watu wa nchi hizi kwa miaka mingi kwa fedha ndogo, hata vijidudu vikaizoea. Kenya iliiacha mwaka 1998, na Tanzania bara mwaka 2001. Sababu zake zilikuwa nyingi, na kunywa dawa nusu nusu ni moja katika hizo.

Lakini ugonjwa unaoonyesha jambo hili kwa ukamilifu ni kifua kikuu. Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, alikitangaza kijidudu chake mwaka 1882. Dawa ya kwanza yenye kukiua, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943, na watu wakadhani ya kuwa ugonjwa umekwisha. Haikuchukua muda ikaonekana ya kuwa wagonjwa waliopewa dawa hiyo peke yake walipata nafuu ya miezi michache, kisha wengi wao wakarejea walikokuwa, na dawa haiwasaidii tena. Ndipo matabibu wakajua ya kuwa kijidudu hiki hakiuawi kwa dawa moja wala kwa muda mfupi. Kijidudu hiki ni kizito. Vijidudu vingine huzaliana kwa dakika, na hiki hujigawa mara moja katika kadiri ya siku nzima, na baadhi yake hulala kabisa. Dawa huua kilicho macho. Kilicholala hungojewa kiamke.

Kwa hivyo matibabu yamewekwa kwa miezi 6: miezi 2 dawa nne pamoja, na miezi 4 dawa mbili. Muda huu wa miezi 6 una nasaba na nchi hizi, kwani katika majaribio yaliyouthibitisha, yaliyoanza mwaka 1970, wagonjwa walikuwa ni wa Afrika Mashariki. Na Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, pamoja na tabibu mmoja wa Kicheki aliyeitwa Karel Styblo, ilionekana ya kuwa kazi ngumu haikuwa kupata dawa, bali ni kuhakikisha ya kuwa mgonjwa anaimeza kila siku mpaka mwisho. Wakaweka utaratibu wa kumwangalia mgonjwa akimeza mbele ya mtu, na kuandika katika daftari. Utaratibu huo ndio ulioigwa baadaye na nchi nyingi katika miaka ya 1990.

Mgonjwa wa kifua kikuu akisha kunywa dawa wiki chache, kikohozi hupungua, homa ya jioni huondoka, mwili hurudi, naye hutamani kurudi baharini au kwenye biashara yake. Wakati huo ndio wa khatari. Akiacha katika mwezi wa 3, vilivyolala huamka, tena huamka vikiwa vimeijua dawa. Ugonjwa wake wa pili hautibiki kwa vidonge vile vya kwanza; zamani ulitaka miezi 18 mpaka 24 na sindano zenye kuharibu masikio, na hata baada ya mwaka 2022, yalipokubaliwa matibabu mapya ya miezi 6 kwa wengi katika hao, dawa zake ni kali na zataka uangalizi mkubwa. Tena humwambukiza mwanawe ugonjwa huo mgumu tangu mwanzo, naye mtoto hakuacha dawa yoyote. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali za Kenya na Tanzania, kwa hiyo udhuru wa fedha katika hili ni wa nauli tu. Na yule anayeona mkojo umegeuka rangi ya chungwa asikhofu wala asiache. Ni rangi ya rifampisini, si damu. Ila akiona macho yamekuwa manjano, au akatapika mfululizo, arudi hospitali siku ile ile, kwani hiyo yaweza kuwa ini.

Shinikizo la damu ni kinyume cha kifua kikuu katika jambo moja: halina kikohozi wala homa. Mtu huwa nalo miaka mingi hana habari. Akipewa vidonge na akapimwa baada ya mwezi, huambiwa ya kuwa damu imeshuka; naye hufurahi, akaviacha. Lakini damu ilishuka kwa sababu ya vidonge, na vikiondoka hupanda tena kimya kimya. Kisha siku moja huamka upande mmoja wa mwili haumtii na ulimi umekuwa mzito, na jamaa zake wakatafuta ni nani aliyemtupia jini. Wakati wanaoupoteza katika kutafuta huko ndio wakati ambao hospitali ingaliweza kuokoa sehemu ya ubongo wake. Dawa ya shinikizo kwa watu wengi ni ya maisha. Ikiwa inamletea kizunguzungu, au inampunguzia nguvu za nyumbani, jambo ambalo wanaume hulificha hata kwa daktari wao na ndilo linalowafanya wengi waiache kwa siri, basi na aliseme. Dawa za shinikizo ziko namna nyingi, na ikiwa moja haimfai hubadilishwa.

Na kuhusu kuweka dawa: joto na unyevu ndio maadui zake. Dirisha lenye jua, gari lililofungwa, na chooni si mahali pake. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8, wala isigande. Iliyofunguliwa hukaa kivulini kadiri ya wiki 4, mahali pasipozidi digrii 30. Asiyekuwa na friji huiweka ndani ya chungu cha udongo kilichokaa katika chungu kikubwa, baina yake mchanga uliotiwa maji. Njia hii ni nzuri, ingawa pwani, kwa sababu hewa ina unyevu, haipoozi sana kama inavyopooza bara penye hewa kavu.

MGONJWA NA RAMADHANI

Kila mwaka mwezi ukiandama, watu wengi walioandikiwa dawa hufanya moja katika mawili: huziacha zote mwezi mzima, au huzimeza zote kwa pamoja wakati wa daku. Yote mawili ni khatari. Kurani katika Sura ya Baqara, aya ya 184 na ya 185, imemtoa mgonjwa na msafiri katika faradhi ya kufunga siku zile, na imewawekea siku nyingine. Ruhusa hii haikutolewa na daktari hata mtu aione kuwa ni maneno ya Kizungu. Mafakihi wa Kishafi wameeleza mpaka wake: mgonjwa akikhofu ya kuwa saumu itamletea madhara makubwa, au itazidisha ugonjwa, au itachelewesha kupoa, yuajuzu kula, na akikhofu kuangamia, kula kwake ni wajibu na kufunga ni haramu. Khofu hiyo huthibiti kwa neno la tabibu mwaminifu, au kwa aliyoyaona mgonjwa mwenyewe katika nafsi yake mara zilizopita. Watu hukisikia kipande cha kwanza cha hukumu hii na kukisahau cha mwisho. Mzee aliyekatazwa kufunga naye akafunga, hudhani ya kuwa amechukua lililo bora; na kumbe ameacha wajibu.

Khatari hii ina hesabu. Katika uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu, juu ya watu 12,243 wenye kisukari, katika wale wa kisukari cha namna ya pili 79 kwa 100 walifunga siku 15 au zaidi. Na kushuka kwa sukari kwa namna ya kumpeleka mtu hospitali kuliongezeka katika Ramadhani mara 7.5 kwa hao, na mara 4.7 kwa wale wa namna ya kwanza, ambao uhai wao ni insulini.

Wengi hupatwa kwa sababu ya mas-ala madogo ambayo wangaliuliza wangalijibiwa. Kujitoboa kidole ili kupima sukari hakubatilishi saumu. Sindano ya insulini haibatilishi saumu, kwani haiingii tumboni wala haipiti katika tundu iliyo wazi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1997, liliweka ya kuwa sindano za ngozini, za misulini na za mishipani, zisizokuwa za kulisha, hazifunguzi. Na kidonge cha moyo kiwekwacho chini ya ulimi hakifunguzi, maadamu mtu hakumeza kilichofika kooni. Pampu ya pumu wanavyuoni wamekhitalifiana juu yake. Lakini hapana aliyesema ya kuwa mtu aliyebanwa na pumu ajizuie nayo hata afe. Hutumia, na akitaka kuondoa shaka hulipa siku moja.

Mwenye kisukari aliyeruhusiwa na daktari wake kufunga ana mipaka miwili ya kuijua kwa moyo. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (nayo kwa kipimo kingine ni 70), hufungua. Ikipanda juu ya 16.6 (yaani 300), hufungua. Hufungua hapo hapo, kwa sukari au tende ikiwa imeshuka, ingawa adhana ya Magharibi imebakia dakika 10. Kwa kuwa sukari iliyoshuka haingojei mwadhini. Jasho la ghafula, kutetemeka, mapigo ya moyo na kuchanganyikiwa ni dalili zake, na wenzake walio naye barazani yafaa wazijue, kwa sababu yeye mwenyewe akili yake huwa imekwisha potea na hukataa kula akidhani anaheshimu saumu.

Dawa za mara moja kwa siku, kama vidonge vya kifua kikuu na vingi vya shinikizo, huweza kuhamishwa usiku. Za mara mbili huweza kuwekwa futari na daku. Za mara tatu hazina nafasi, kwani pwani baina ya Alfajiri na Magharibi ni saa 13 na zaidi. Katika hizo daktari huenda akapata nyingine yenye umri mrefu mwilini, na akikosa, mgonjwa hafungi. Dawa za kukojoza mara nyingi huhamishwa jioni ili mtu asikaukiwe na maji mchana. Dawa ya kisukari iliyokuwa ikinywewa asubuhi haihamii daku kwa kiasi kile kile, kwani baada ya daku hapana chakula mpaka jua litue. Daktari huipunguza, au huigeuza fungu kubwa likawa la futari. Kazi hii si ya mgonjwa kuifanya kwa kukisia, wala si ya rafiki yake mwenye ugonjwa kama wake. Na siki ya kanzi, habasoda, majani ya mwarobaini na mfano wake vitajwe kwa daktari, maana vingine hushusha sukari vyenyewe, na vikikutana na dawa hushusha mara mbili.

Anayetarajiwa kupoa akila katika Ramadhani hulipa siku zake akisha pata nguvu, hata zikiwa mbalimbali, si lazima zifuatane. Asiyetarajiwa kupoa hana kadha. Juu yake ni fidia, nayo ni mudi moja ya chakula cha mji kwa kila siku, na watu wa pwani huikadiria kwa kibaba. Mwezi wa siku 30 ni vibaba 30 vya mchele kwa masikini.

Na wakati wa kumwendea daktari kwa ajili ya haya yote ni mwanzo wa Rajabu au katikati yake, wiki 6 mpaka 8 kabla ya mfungo, ili dawa iliyobadilishwa ijaribiwe mtu akiwa bado anakula. Achukue vidonge vyake vyote katika mfuko mmoja, vya hospitali na vya dukani na vya mganga, na karatasi yenye vipimo vyake vya damu. Amwambie wazi ya kuwa anakusudia kufunga, na amwambie pia ni dawa gani huzikosa na kwa nini.